Kumiliki na Kufikia: Uboreshaji wa Upatikanaji wa Rasilimali za Kielektroniki na Tasnifu za Kiswahili katika Maktaba za Vyuo Vikuu nchini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini rasilimali za kielektroniki ambazo maktaba ya chuo kikuu inazo tayari huweza kubaki mbali na msomaji aliyekusudiwa. Mjadala umejikita katika vyuo vikuu vya Tanzania, hususani katika mazingira ya elimu huria na masafa, na umegawanyika katika maeneo mawili makuu: utambulisho wa msomaji aliye nje ya kampasi, na namna tasnifu za Kiswahili zinavyoelezwa na kutafutwa ndani ya hazina za kidijiti. Inabainishwa kwamba eneo la pili ndilo lenye athari kubwa zaidi kwa taaluma ya Kiswahili na kwamba marekebisho yake mengi yamo ndani ya uwezo wa maktaba zenyewe.

1.0 Utangulizi

Karibu kila tasnifu ya uzamili au uzamivu ina sehemu inayobainisha pengo la utafiti. Mtafiti hupitia maandiko tangulizi, kisha hutamka kwamba hakuna aliyeishughulikia mada yake kwa namna anayokusudia yeye. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa inahusu hali ya taaluma, ilhali kwa hakika inahusu utafutaji: inaeleza kile alichokipata mtafiti mahali alipotafuta, kwa maneno aliyoyatumia kutafutia. Ikiwa tasnifu inayofanana na yake imehifadhiwa katika hazina ya kidijiti ya chuo chake mwenyewe, lakini haikujitokeza alipoandika neno "wimbo" kwa sababu kichwa chake kina neno "nyimbo", basi pengo analolitangaza halipo. Msimamizi hulipitisha, mtahini hulipitisha, na miaka miwili au mitatu ya kazi ya mtu hutumika kurudia jambo lililokwisha kufanywa.

Mfano huo unaonesha kwamba kumiliki rasilimali na kuifikia ni mambo mawili tofauti. Maktaba humiliki rasilimali pale inapoilipia, inapopewa haki ya kuitumia, au inapoipokea na kuihifadhi. Msomaji huifikia pale anapoweza kujua kwamba ipo, kuifungua akiwa mahali alipo, na kuisoma kwa kifaa alichonacho. Kati ya hatua ya kwanza na hizo nyingine kuna njia ndefu, na vikwazo vingi vimo humo njiani. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, aliuweka muda wa msomaji miongoni mwa mambo ambayo maktaba ina wajibu wa kuyalinda. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya maktaba ya vitabu vya karatasi, lakini inazibana zaidi maktaba za leo, kwa kuwa msomaji wa kidijiti anaposhindwa kupata kitu hakuna mkutubi aliye mbele yake anayemwona akishindwa.

Katika makala hii, istilahi rasilimali za kielektroniki inajumuisha majarida na vitabu vinavyosomwa kupitia mtandao, hifadhidata za kitaaluma, na tasnifu zilizowekwa katika hazina za kidijiti za vyuo. Aina hizo za mwisho ndizo zilizopewa nafasi kubwa zaidi katika mjadala.

2.0 Rasilimali zilizopo

Ni vema kukiri mapema kwamba uhaba si tatizo lilelile lililokuwapo miaka ya 1990. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba na afya bila malipo au kwa malipo yaliyopunguzwa. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo lilianzisha AGORA kwa ajili ya kilimo. OARE ya mazingira ilifuata mwaka 2006, na ARDI ya sayansi tumizi na teknolojia mwaka 2009. Mipango hii sasa inasimamiwa chini ya jina moja la Research4Life. Mwaka huohuo wa 2002, asasi ya INASP ya Uingereza ilianza mpango wa kujadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya nchi zinazoendelea, na kazi hiyo kwa upande wa Tanzania ikaja kubebwa na muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, yaani COTUL, ambamo wanachama huchangia gharama za usajili kwa pamoja. Kwa upande wa maandiko ya Afrika yenyewe, AJOL, iliyoanza mwaka 1998, imeweka mtandaoni majarida ya vyuo vya bara hili, likiwamo jarida la Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Miundombinu nayo imebadilika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo vyuo vilitegemea mawasiliano ya setilaiti yaliyokuwa ghali na ya kasi ndogo. Majengo pia yamejengwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, inaweza kuwaketisha wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja.

Pamoja na hayo yote, tafiti za ukutubi kuhusu matumizi ya rasilimali hizi mara nyingi huishia kwenye hitimisho kwamba matumizi ni madogo na kwamba watumiaji wanahitaji mafunzo. Nyingi huongozwa na Nadharia ya Ukubalifu wa Teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989, ambayo hupima jinsi mtumiaji anavyoona manufaa na urahisi wa teknolojia. Nadharia hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, ina mwelekeo wa kuliweka tatizo ndani ya kichwa cha mtumiaji: mtazamo wake, stadi zake, utayari wake. Mtu aliyebonyeza kiungo mara tatu akaambiwa alipe dola thelathini hana tatizo la mtazamo. Mafunzo hayatamsaidia mpaka kiungo kifunguke.

3.0 Msomaji aliye nje ya kampasi

Njia ya kawaida ambayo mchapishaji huitumia kumtambua msomaji mwenye haki ni anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha mtandao ambamo kompyuta imeunganishwa. Chuo humpa mchapishaji orodha ya anwani zake. Ombi linalotoka katika anwani hizo hufunguliwa, linalotoka kwingine hukataliwa. Utaratibu huu ni rahisi kwa pande zote mbili, na hauhitaji nywila. Umejengwa juu ya dhana moja: kwamba mwanachuo na chuo vipo mahali pamoja.

Dhana hiyo inavunjika kabisa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kwa lengo la kuwafikia watu ambao hawawezi kuacha kazi na familia zao ili wakakae bwenini. Makao yake makuu yapo Kinondoni, Dar es Salaam, na wanafunzi wake huhudumiwa kupitia vituo vya mikoa. Mwalimu wa sekondari wa Sumbawanga anayesoma shahada ya uzamili katika Kiswahili ni mwanachuo kamili, analipa ada kamili, na tasnifu yake itatahiniwa kwa vigezo vilevile. Hata hivyo, kwa jicho la mchapishaji anayetambua anwani pekee, ni mpita njia. Simu yake inatumia anwani ya kampuni ya simu, wala si ya chuo. Hali hiyo haimhusu yeye tu: mwanafunzi wa chuo cha kawaida aliyekwenda uwandani Pemba au Masasi kukusanya data huwa katika nafasi ileile kwa miezi kadhaa, na mara nyingi hicho ndicho kipindi anachohitaji kurejea maandiko.

Dawa ya tatizo hili imejulikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1999 Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja cha Arizona nchini Marekani, alitengeneza programu ya EZproxy, ambayo ilinunuliwa na OCLC mwaka 2008. Programu hiyo ni seva wakala. Msomaji huingia kwa jina na nywila ya chuo. Seva humthibitisha, kisha humwombea ukurasa mchapishaji kwa kutumia anwani ya chuo na kumrejeshea msomaji popote alipo. Mchapishaji huona ombi limetoka kampasi. Njia nyingine, inayotumiwa na mifumo kama Shibboleth na OpenAthens, haitumii anwani kabisa: chuo humhakikishia mchapishaji kwamba mtu huyu ni wake, bila lazima ya kumtajia jina.

Kufunga seva wakala si kazi ngumu kwa idara ya teknolojia ya habari ya chuo. Ugumu upo katika mambo yanayoizunguka. La kwanza ni chanzo cha majina. Seva hutegemea mfumo wa usajili wa wanafunzi, na pale mfumo huo unapomfuta mwanafunzi mara muda wake wa kawaida wa masomo unapokwisha, mtu aliyebakiza sura mbili za tasnifu hupoteza haki ya kusoma wakati anaihitaji zaidi. Hilo ni suala la kanuni za chuo, na mkutubi hawezi kulitatua peke yake. La pili ni viungo. Seva hufanya kazi pale tu msomaji anapopitia kiungo kilichoandaliwa na maktaba. Akitoka kwenye Google akaingia moja kwa moja katika ukurasa wa mchapishaji, seva haimjui. Kwa hiyo seva isiyoambatana na maelekezo mafupi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa pale mwanafunzi anapoyaona, hubaki kuwa kifaa cha wachache waliobahatika kusimuliwa na wenzao. La tatu ni kumbukumbu. Seva huandika nani alisoma nini na lini, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, maktaba inapaswa kuwa na jibu la wazi kuhusu muda wa kuhifadhi kumbukumbu hizo na nani anaruhusiwa kuzisoma.

Wasomaji wa taaluma ya Kiswahili, hata hivyo, hufaidika kwa kiasi tu na seva hiyo. Sehemu kubwa ya maandiko wanayoyahitaji haipo kwa wachapishaji wa kimataifa. Imo katika tasnifu zilizoandikwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, na katika vyuo vya Kenya, nazo zimewekwa wazi kwa kila mtu. Hakuna nywila inayozuia. Kinachozuia ni kitu kingine.

4.0 Tasnifu ya Kiswahili ndani ya mfumo usiokijua Kiswahili

Hazina nyingi za vyuo zimejengwa kwa mojawapo ya programu mbili huria: EPrints, iliyotoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Zote huhifadhi faili la tasnifu pamoja na taarifa elezi zake, yaani kichwa, mwandishi, mwaka, lugha, maneno muhimu na ikisiri. Taarifa hizo hupangwa kwa kiwango cha Dublin Core, chenye vipengele 15 vya msingi, na huweza kuvunwa na mifumo mingine kwa utaratibu wa pamoja wa OAI-PMH. Kwa maneno mengine, kosa lililoandikwa katika fomu moja Kinondoni au Mlimani husafiri na kujirudia katika kila mfumo unaovuna kutoka hapo.

Kipengele cha lugha ni mfano mzuri. Mwekaji anapojaza fomu ya DSpace huchagua lugha kutoka katika orodha. Katika matoleo mengi ya programu hiyo, orodha inayokuja nayo ina Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kijapani, Kichina, Kireno na Kituruki. Kiswahili hakimo mpaka msimamizi wa mfumo akiongeze. Asipokiongeza, mwekaji mwenye haraka huchagua Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichotangulia, au huchagua "nyingine". Matokeo yake ni tasnifu yenye kurasa 250 za Kiswahili inayotambulishwa duniani kuwa ya Kiingereza. Mtafiti wa Leipzig au Nairobi anayetaka kuona tasnifu zote zilizoandikwa kwa Kiswahili hawezi kuzichuja. Kuongeza lugha katika orodha ni mistari michache ya faili la mpangilio. Msimbo unaotakiwa ni "sw" katika kiwango cha herufi mbili au "swa" katika kile cha herufi tatu. Kusahihisha rekodi za zamani kunahitaji mtu na muda, lakini kunawezekana kwa mafungu: rekodi huhamishwa kwenda katika jedwali, hurekebishwa, na kurejeshwa.

Tatizo kubwa zaidi limo ndani ya neno lenyewe. Injini za utafutaji zinazotumiwa na hazina hizi husaidia msomaji kwa kukata miisho ya maneno. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza huondoa alama ya wingi na miisho ya nyakati mwishoni mwa neno, ili anayetafuta umoja apate na wingi. Kiswahili hakibadiliki hivyo. Nomino zake hubadilika mwanzoni, kwa viambishi vya ngeli, na takriban maneno yote huishia kwa irabu. Kanuni za Kiingereza zikikutana na neno la Kiswahili, hukosa cha kukata, au hukata irabu ya mwisho isiyostahili kukatwa, na kuuacha mwanzo ambao ndio wenye tofauti.

Chukua mfano wa kubuni wa tasnifu yenye kichwa "Usawiri wa Mwanamke katika Nyimbo za Taarabu". Mtafiti anayeandika "wanawake" haipati, kwa kuwa mfumo hauoni uhusiano kati ya mwanamke na wanawake. Anayeandika "wimbo" haipati. Anayeandika "taarab", tahajia inayotumiwa na waandishi wengi, haipati vilevile. Maneno matatu sahihi kabisa, yaliyochaguliwa na mtu anayeijua mada yake, yamerudisha ukurasa mtupu. Wenye mazoea ya mifumo ya kigeni hutumia alama ya nyota kuwakilisha sehemu ya neno isiyojulikana, lakini mifumo mingi huikubali nyota hiyo mwishoni mwa neno na kuikataa mwanzoni. Mtafutaji anaweza kuandika shina la Kiingereza na kupata matawi yake. Akiwa na shina "-tafiti", hawezi kwa urahisi kupata mtafiti, watafiti, utafiti na tafiti kwa pamoja.

Tofauti za tahajia huongeza tatizo. Tamthilia na tamthiliya zote zinaandikwa, na kila moja ina watetezi wake. Maneno yenye "ng'" huathiriwa na jambo ambalo jicho halilioni: alama ya king'ong'o inayopigwa kwa kicharazio huwa imenyooka, ilhali programu nyingi za uandishi huibadilisha kuwa iliyopinda. Kwa msomaji neno "ng'ombe" ni moja. Kwa mashine isiyoelekezwa kuzisawazisha alama hizo ni maneno mawili.

Majina ya waandishi nayo yanahitaji uangalizi. Shaaban Robert huorodheshwa kwa "Robert" kwa kufuata utaratibu wa jina la mwisho, na mtu anayetafuta "Shaban" kwa a moja katika silabi ya kwanza anaweza kumkosa. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed ni waandishi wawili tofauti wa Zanzibar, wote wanahakikiwa mara kwa mara katika tasnifu, na wote hupunguzwa kuwa herufi mbili na jina moja lenye tahajia mbili. Maktaba za karatasi zilikuwa na jibu la hili: kadi ya marejeo iliyomwelekeza msomaji kutoka umbo moja la jina kwenda lile lililokubaliwa. Kazi hiyo imeachwa njiani tulipohamia kwenye fomu za mtandaoni zinazojazwa na yeyote.

Suala la mada ni la kina zaidi, kwa kuwa linagusa namna taaluma inavyogawanywa. Maktaba nyingi hutumia vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo ni vya Kiingereza, na uainishaji wa Dewey, ambao huikusanya fasihi ya Kiswahili chini ya namba 896.392. Vyombo hivi vinatosha kuikaribisha kazi katika rafu. Havitoshi kuitafuta. Tasnifu kuhusu ngonjera, utanzu ambao jina la Mathias Mnyampala limefungamana nao, ikiwekewa kichwa kimoja tu cha ushairi wa Kiswahili, huchanganyika na tenzi, mashairi ya arudhi na mashairi huru. Majigambo, utani, mivigha na malumbano hayana neno moja la Kiingereza linaloyabeba sawasawa, na mkutubi anapolazimika kuyatafsiri huchagua lililo karibu. Mtafiti anayefuata hana njia ya kukisia ni lipi lililochaguliwa.

Marekebisho ya mambo haya hayangoji programu mpya. Injini ya Solr, ambayo DSpace huitegemea, huruhusu msimamizi kuweka orodha ya maneno yanayohesabiwa kuwa sawa, hivyo "wimbo" na "nyimbo", "taarab" na "taarabu", "tamthilia" na "tamthiliya" yanaweza kufungwa pamoja. Orodha ya nomino chache zinazojirudia katika vichwa vya tasnifu za isimu na fasihi inaweza kuandaliwa na mkutubi mmoja akishirikiana na mwanaisimu mmoja. Nomino nyingi za ngeli ya i-/zi- hazibadiliki umbo na hazihitaji kuingizwa. Kwa orodha kubwa zaidi, kamusi sanifu tayari zinaonesha ngeli ya kila nomino, na kutokana na ngeli wingi unaweza kuzalishwa kwa kanuni. Hapo itahitajika ridhaa ya mwenye haki ya kamusi. Kwa hazina zisizotumia Solr, njia iliyobaki ni ya mkono lakini ni ya uhakika: maneno muhimu yaandikwe kwa umoja na wingi, na kwa tahajia zote mbili pale zinapotofautiana.

5.0 Faili lenyewe

Tasnifu iliyopatikana bado inaweza kutosomeka. Tasnifu za zamani ziliingizwa kwa kuskaniwa, na ukurasa ulioskaniwa ni picha. Kurasa 200 zilizopigwa kwa rangi huweza kufikia makumi ya megabaiti, ilhali maandishi yaleyale yakihifadhiwa kama maandishi hayazidi megabaiti chache. Tofauti hiyo hulipwa na msomaji kutoka katika kifurushi chake cha intaneti. Mwongozo wa Google Scholar kwa wenye hazina unataka kila faili lisizidi megabaiti 5 na liwe na maandishi yanayotafutika, kwa hiyo tasnifu nzito ya picha hukosa pia njia ambayo wasomaji wengi huanzia. Msomaji asiyeona ndiye anayeumia zaidi, maana programu ya kusoma skrini haina cha kusoma.

Programu huria ya Tesseract hugeuza picha za kurasa kuwa maandishi, na ina faili la mafunzo la Kiswahili. Jambo la kuzingatia ni kuichagua lugha hiyo kabla ya kuanza. Ikiachwa katika Kiingereza, hujaribu kuyasoma maneno ya Kiswahili kana kwamba ni ya Kiingereza yaliyokosewa. Kwa tasnifu mpya tatizo linaepukika bila gharama yoyote: chuo kipokee faili lililotengenezwa moja kwa moja kutoka katika programu ya uandishi, na ukurasa wa saini pekee ndio uskaniwe. Bado kuna vyuo vinavyomtaka mwanafunzi achapishe, asainiwe, kisha askani kitabu kizima. Haieleweki ni nani anayenufaika na utaratibu huo.

6.0 Nafasi ya mkutubi, mwanafunzi na mtahini

Uzito wa marekebisho yaliyoelezwa hapo juu haulingani. Seva wakala inahitaji uamuzi wa menejimenti na bajeti ya kila mwaka. Kipengele cha lugha na orodha ya maneno sawa vinahitaji siku chache za kazi na ushirikiano wa kurugenzi mbili ambazo kwa kawaida hazikutani. Kusahihisha rekodi za nyuma ni kazi ya miezi, na inafaa ianze na tasnifu za Kiswahili kwa sababu ndizo zinazoathirika zaidi na kwa sababu idadi yake katika kila chuo ni ndogo kuliko ya zile za Kiingereza.

Mtu anayezifahamu vizuri zaidi istilahi za tasnifu ni aliyeiandika. Hivi sasa mchango wake huishia anapokabidhi nakala. Baada ya hapo fomu hujazwa na mtumishi wa maktaba ambaye hajaisoma kazi na huenda hakusomea Kiswahili. Ni busara fomu ya makabidhiano iwe na ukurasa mmoja unaomtaka mwanafunzi aandike lugha ya tasnifu, maneno muhimu matano hadi kumi kwa umoja na wingi, tahajia mbadala, majina ya waandishi wanaohakikiwa kwa maumbo yao yote, na ikisiri ya Kiswahili iliyo sawa na ile iliyomo ndani ya kazi. Ikisiri ya Kiingereza iwekwe pia, katika kipengele chake, badala ya kuchukua nafasi ya ile ya Kiswahili.

Kwa upande wa watahini, kauli ya pengo la utafiti inaweza kuombwa ithibitishwe kwa namna ambayo taaluma za tiba zimezoea: mtafiti ataje hazina alizotafuta, maneno aliyoyatumia kwa maumbo yake ya umoja na wingi, na tarehe aliyotafuta. Aya moja inatosha. Mtahini anayeisoma aya hiyo akaona kwamba mtafiti wa nyimbo alitafuta "wimbo" pekee anaweza, kabla ya siku ya utetezi, kufungua hazina ya chuo kwenye simu yake na kuandika "nyimbo".